Hakosi Kurudi

Leeds, Jumanne, 21 Oktoba 1975

Mama Mkubwa,

Konstebo Larter ameniambia kwa simu leo saa kumi jioni kwamba msako wa ufukweni umesimamishwa. Wametembea maili nane kila upande na hawakupata kitu: si kofia, si buti, si futikamba. Atakuja kwako Alhamisi kukuambia mwenyewe. Nimeona afadhali uisome habari hiyo kwangu kwanza kuliko kuipokea umesimama mlangoni.

Shikamoo. Kazi ya gazeti imenizoeza kutanguliza habari na kuchelewesha salamu, nawe umekwisha kunisamehe makubwa kuliko hilo. Mama anakusalimu. Goti lake limevimba tena, anailaumu ngazi. Anauliza kama unakula. Paka wako aliyenikwaruza ameniachia alama ambayo wenzangu ofisini wanadhani nimeipata mahakamani.

Naandika tena tunayoyajua sote, kwa sababu barua hii nataka uitunze. Jumapili tarehe 12, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Baba Mkubwa Ambrose alitoka kwa mlango wa nyuma na futikamba yake, kupima ardhi iliyobaki kati ya kizingiti na ukingo wa bahari, kama alivyofanya kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja. Kulikuwa na ukungu. Alisogeza kigingi chake chenye kitambaa cheupe, akaandika idadi ya futi kwa chaki kwenye mlango wa banda la makaa: 34. Hakurudi ndani. Zaidi ya hayo hakuna anayejua lolote.

Nina maombi mawili. La kwanza, tia sahihi karatasi ya baraza la wilaya. Ile fleti ya mjini watakushikia mpaka tarehe 31 Machi, halafu watampa mwingine. Nyumba yako haitangoja hata hapo.

La pili, niandikie watu wa Hasseby wanasema nini, kwa maneno yao wenyewe. Usinifupishie. Mtu akisema huenda, andika huenda. Akisema bila shaka, andika bila shaka. Mchunguzi wa vifo hawezi kuketi kusikiliza shauri bila mwili mpaka apate ruhusa kutoka London, na London watataka kujua nani aliona nini.

Mwanao,
Thelma


Hasseby, Jumapili, 2 Novemba 1975

Thelma mwanangu,

Marahaba. Mwambie mdogo wangu Hilda kwamba nakula, na goti si la kulaumu ngazi, ni la kupunguza siagi. Kuku wameacha kutaga. Kanisani tulikuwa na mlo wa mavuno, nikapeleka maandazi ya mvuke kama kila mwaka, yakaliwa yote.

Konstebo alikuja. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Nikamwambia, "Larter, amua, sebule haina mvua." Akacheka kidogo, kisha akaona haya kwa kucheka.

Umetaka maneno yao. Bi Gedge wa posta: "Huenda ikawa amekwenda kwa dada yake, Lincoln." Nikamwambia dada yake wa Lincoln alikufa miaka saba iliyopita. Akasema, "Basi huenda amekwenda kuliona kaburi." Muuza nyama: "Hawezi kabisa kuwa mbali." Bwana Bloy wa ng'ambo ya barabara: "Inaweza labda kuwa alipotea njia, kidogo tu." Unamjua Bloy. Ukimuuliza jina lake atakwambia yamkini ni Percy.

Kuna jambo jingine. Jumapili iliyopita nilirudi kutoka kanisani nikakuta kigingi kimesogezwa, na mlangoni pa banda pameandikwa 33. Leo nimerudi, ni 33 tena, lakini chaki ni mpya. Nakuandikia kama nilivyoona.

Karatasi ya baraza bado sijaisoma.

Mama Mkubwa wako,
Avis


Leeds, Jumatano, 19 Novemba 1975

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu ya kesi ya kiwanda kilichoungua. Wiki mbili nzima, mashahidi arobaini na mmoja. Mama ameacha siagi siku tatu, kisha akairudia. Anasema ushauri wako siku zote umekuwa mzuri kwa watu wengine.

Nimeketi mahakamani miaka ishirini na tisa nikiandika kwa hatimkato namna watu wetu wanavyosema. Shahidi aliyemwona mtu akivuka barabara husema, "Alivuka." Ambaye hakumwona ndiye husema, "Lazima bila shaka alivuka." Sisi Waingereza tuna ngazi ndefu ya maneno haya, na tunapanda na kushuka juu yake kutwa bila kujijua: inaweza labda, huenda, huenda kabisa, hapana budi, lazima bila shaka. Msikilizaji mgeni hudhani anayesema "bila shaka" ndiye mwenye hakika. Kinyume chake. Kila neno la kutia hakika ni kiraka, na kiraka hakishonwi pasipo tundu.

Nimezipanga kauli ulizoniletea. Hakuna hata moja isiyo na kiraka. Kwa hiyo hakuna aliyeona kitu. Wanakuliwaza tu.

Isipokuwa chaki. Chaki haikusema labda. Nani anaandika? Muulize Bwana Bloy moja kwa moja, uso kwa uso, na uniandikie alichojibu. Na usiende ukingoni kuhakikisha.

Hujasema neno kuhusu karatasi zaidi ya kwamba hujaisoma. Ina kurasa mbili.

Thelma


Hasseby, Jumapili, 14 Desemba 1975

Thelma mwanangu,

Marahaba, na Krismasi njema kabla haijafika. Nimemtumia Hilda soksi za sufu kwa ajili ya goti. Paka amezaa kabatini, watoto wanne, mmoja hana mkia. Baridi imeingia, bomba la jikoni liliganda siku mbili.

Nilimuuliza Bloy. Nilikwenda kwake, nikasimama kwenye mkeka wake, nikasema, "Percy Bloy, nani anayeandika kwenye banda langu?"

Akatazama buti zake. "Inaweza kuwa mtu yeyote, mama."

"Mtu yeyote ni wewe au si wewe?"

"Nisingependa kabisa kusema si mtu fulani," akajibu, kisha akaniuliza kama nataka vitunguu. Nilirudi na vitunguu.

Maneno ya wengine yamebadilika, kwa hiyo nayaandika. Bi Gedge sasa anasema, "Hakosi kuwa nyumbani Krismasi." Amemwagizia tumbaku yake, paketi mbili, ameziweka chini ya kaunta. Muuza nyama amenifungia vipande viwili vya nyama ya nguruwe nilipoomba kimoja. Nilipomtazama akasema, "Bila shaka atakuwa na njaa, akija." Wiki iliyofuata alisema hivyo tena, ila "akija" akaiacha. Kanisani wameweka kitabu cha nyimbo mahali pa Ambrose. Mara ya kwanza nilidhani ni kwa kusahau. Sasa kimefunguliwa kwenye wimbo wa siku.

Mimi sikumwomba mtu yeyote haya. Ila nakiri kwamba yanapendeza kusikia.

Namba ya leo ni 31.

Avis


Leeds, Jumanne, 6 Januari 1976

Mama Mkubwa,

Redio ilisema jana kwamba pwani yenu imepoteza ardhi nyingi katika dhoruba ya Ijumaa na Jumamosi kuliko kwa mwaka mzima uliopita. Nimepiga simu posta mara sita. Ya sita ndiyo iliyopita.

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo. Mama amelala.

Haya ndiyo mazungumzo yangu na Bi Gedge, neno kwa neno, niliyaandika akiwa anazungumza.

"Mama yangu mkubwa yuko salama?"

"Mzima kabisa, mpenzi. Bustani imekwenda, na banda la kuku. Kuku walikuwa ndani ya nyumba."

"Nani aliwaingiza? Yeye ana miaka sabini na minne."

"Ambrose atakuwa ndiye aliyewaingiza. Na madirisha pia, yalikuwa yamepigwa mbao vizuri."

"Bi Gedge, Ambrose alipotea Oktoba."

Halafu akasema, "Mwandishi wewe, huachi kazi hata sikukuu. Stempu zinapanda bei, umesikia?"

Nakuuliza mambo matatu na nataka majibu matatu. Nani alipiga mbao madirisha? Kumebaki futi ngapi? Umetia sahihi?

Thelma


Hasseby, Jumapili, 1 Februari 1976

Thelma,

Barua yako ilifika tarehe 8. Nimeiweka pale ninapoiona.

Kumebaki futi 19. Ambrose amepima leo. Siku hizi anapima taratibu zaidi.

Paka wote wazima.

Avis


Leeds, Jumanne, 10 Februari 1976

Mama Mkubwa,

Bwana Percy Bloy amekiri mbele yangu Jumapili asubuhi kwamba ndiye aliyekuwa akisogeza kigingi na kuandika kwenye banda lako, kuanzia tarehe 26 Oktoba mpaka Jumapili ya mwisho ya mwaka.

Shikamoo. Nisamehe. Nilikuwa Hasseby tangu Jumamosi jioni, nililala kwake. Nilipokuja kwako Jumapili mchana nikasema nimeshuka sasa hivi kwenye basi, nilisema uongo. Tulikunywa chai, ukaniuliza habari za goti la Mama, nami nikajibu habari za goti. Nikiwa mezani pako sikuweza kuyasema haya. Karatasi inanivumilia zaidi.

Bloy alinieleza hivi, jikoni kwake, akimenya viazi:

"Sikutaka aende ukingoni kupima mwenyewe. Angekwenda, unamjua. Sasa akiwa kanisani nilikuwa navuka, dakika kumi, basi."

"Kwa nini hukumwambia ni wewe?"

Alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Kumwambia ni mimi ingekuwa kumwambia si yeye."

"Alikuuliza, Bwana Bloy. Uso kwa uso."

"Aliniuliza. Nikampa vitunguu."

Mchana huo nilizunguka kijiji na daftari. Nilifuatilia kila kauli kwa aliyeitoa, kama ninavyofuata nyaraka. Bloy alimwambia Bi Gedge kwamba inaweza labda Ambrose yuko mahali. Bi Gedge akaona "labda" ni neno katili kumpelekea mke, akaliacha, akamwambia muuza nyama kwamba huenda kabisa yuko. Muuza nyama, ambaye ana moyo laini na sauti kubwa, akasema kanisani kwamba bila shaka yuko. Kanisani wakaona aibu kuwa na imani ndogo kuliko muuza nyama. Kufikia Krismasi walikuwa wanasema hakosi kurudi. Kufikia Januari walikuwa hawasemi tena atarudi, walisema yupo. Nilimhoji kila mmoja peke yake. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja aliongeza neno moja tu, kwa adabu, juu ya neno la jirani yake, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kulitoa. Nyumba yako inasimama juu ya adabu hiyo, Mama Mkubwa, na imebaki futi chache.

Sasa sehemu ya pili. Bloy anasema hajakanyaga uwanja wako tangu mwaka mpya, kwa sababu ya nyonga. Namwamini: hawezi kushuka ngazi yake bila kushika ukuta. Madirisha anasema si yeye. Nilimwonyesha barua yako ya tarehe 1. Aliisoma, akairudisha, akaenda kutia makaa kwenye jiko lililokuwa limejaa.

Jumapili ulipokwenda kanisani saa nne, tuliketi dirishani kwake, yeye na mimi. Kutoka hapo uwanja wako wote unaonekana, pamoja na mlango wa banda. Saa nne mlango ulisomeka 19. Hatukuondoka. Saa nne na nusu kulipita mbwa. Saa tano na dakika ishirini Bloy alisema, "Tazama," nami nilikuwa natazama. Mlangoni palisomeka 18. Hakuna aliyeingia kwa lango, wala kwa ubavu wa nyumba. Upande pekee tusiouona ulikuwa ule wa bahari.

Nilivuka na kupima mwenyewe kwa futikamba ya Bloy. Futi kumi na nane na inchi nne.

Ulipoandaa chai uliweka vikombe vitatu. Nilidhani cha tatu ni cha Bloy. Hukumwita Bloy.

Sitii neno juu ya hayo, la kupandisha wala la kushusha. Nayaandika kama nilivyoyaona. Lakini yeyote anayepima, anapima kitu kinachopungua. Tia sahihi.

Thelma


Hasseby, Jumapili, 29 Februari 1976

Thelma mwanangu,

Marahaba. Mwambie Hilda soksi zisioshwe kwa maji moto. Paka asiye na mkia nimempa Bi Gedge. Bwana Bloy amelazwa hospitali mjini tangu Jumatano, nyonga yake hatimaye imekubali kuvunjika. Alipochukuliwa kwa gari aliwaambia huenda inauma.

Ulidhani umenijulisha jambo jipya. Nilijua ni Bloy tangu Jumapili ya kwanza. Buti lake la kulia lina msumari unaoacha alama, na tatu yake ina mkia. Sikusema kwa sababu angeona haya. Alikuwa akinihurumia, nami nikamwacha anihurumie. Nilipokwenda kumuuliza mlangoni kwake ilikuwa kwa sababu wewe uliagiza, na nilishukuru aliponipa vitunguu.

Tangu dhoruba si Bloy. Hapana alama ya msumari.

Sasa nikuambie lile ambalo sikumwambia konstebo. Asubuhi ile ya Oktoba Ambrose alikuwa ametia sahihi karatasi ya fleti. Aliiweka karibu na sahani yangu, juu ya kitambaa, kalamu juu yake. Akasema, "Avis, sasa inatupasa kweli tuhame." Yeye hakuwa mtu wa kusema "kweli". Ningepaswa kumsikiliza kwa neno hilo peke yake. Badala yake niliichana, nikamwambia hajui kupima, akapime tena ndipo tuzungumze. Akachukua futikamba. Ndiyo sababu baraza walinitumia karatasi ya pili, na ndiyo sababu sikuisoma. Nilikuwa naijua yote. Kama ningeitia sahihi baada yake, basi ningekuwa nimemtuma nje kwenye ukungu bure.

Kwa hiyo niliketi humu na kungoja apime. Watu waliposema hakosi kurudi, niliona wamenipa ruhusa.

Leo nimerudi kutoka kanisani saa sita. Mlangoni pa banda hapana namba. Imefutwa kwa kiganja, vidole vinaonekana. Nyuma ya nyumba sikuona kigingi. Nilifikiri kimeanguka. Nilikikuta mbele, ng'ambo ya barabara, kimepigwa kwenye nyasi za Bloy, kitambaa kimefungwa upya. Nyumba yetu imebaki upande wa bahari.

Nilisimama hapo na mkoba wangu na kitabu cha nyimbo. Sitakuandikia nilisimama kwa muda gani, wala kama nilikuwa peke yangu.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Nimetia sahihi kwa kalamu yake. Wapelekee wewe, stempu imebaki moja tu na posta yetu kesho imefungwa asubuhi, nami sitaki kungoja mchana.

Avis


Leeds, Jumatatu, 8 Machi 1976

Mama Mkubwa,

Bwana Fenn, mpima ardhi wa baraza, amesema leo asubuhi kwamba jiko na chumba cha kulala cha nyuma vilianguka Jumamosi, kati ya saa kumi jioni, alipopita kukagua, na machweo. Kilichobaki watakibomoa. Hakuna mtu aliyekuwa ndani. Ulikuwa na siku mbili tu katika fleti.

Shikamoo. Mama alianza kulia tulipopata simu na bado anaendelea, huku akisema hana sababu. Anataka kuja kukaa nawe wiki moja. Nimemwambia fleti ina ngazi kumi na mbili, akasema atazipanda akiwa ameketi.

Nilimtembelea Bwana Bloy wodini jana. Nilimuuliza kuhusu kigingi kilichopigwa kwenye nyasi zake. Alisema, "Si mimi." Nimemjua tangu nikiwa na miaka sita, na sijapata kumsikia akisema maneno mawili bila kuyafunika blanketi. Niliuliza kama anajua ni nani. Akageuza uso ukutani. Nesi akaja na supu, akamwita babu, akamwambia asipokula atampigia simu mwandishi wa magazeti. Bloy akamwambia mwandishi ndiye huyu hapa. Nesi akaniambia nitoke.

Ruhusa ya London imefika. Kikao cha uchunguzi kitafanyika mwezi ujao, na wewe utakuwa shahidi wa kwanza. Mimi sitakuwa kwenye meza ya waandishi. Nimeomba gazeti limtume mwingine, nitaketi nyuma na Mama. Nakuandaa sasa, kwa sababu nimewaona watu wengi wema wakijitia matatani mbele ya meza ile.

Mchunguzi ni mtu mpole. Atakuuliza jina, umri, na jinsi siku ile ilivyokwenda. Kuhusu karatasi iliyochanwa, mwambie. Haitakuua, na itamsaidia kuelewa kwa nini mzee alitoka katika ukungu. Kisha atakuuliza swali moja ambalo hukumu nzima inalitegemea: mara ya mwisho ulimwona mumeo lini. Jibu kwa tarehe. Usiongeze bila shaka, usiongeze huenda, usiseme hapana budi ilikuwa. Ukiongeza neno lolote atauliza tena, na akiuliza tena utachoka, na ukichoka utasema mengi. Tarehe peke yake.

Konstebo Larter atasema tarehe 12 Oktoba. Bloy, wakimbeba mpaka ukumbini, atasema hivyo hivyo kwa njia yake.

Uniandikie kwamba umenielewa.

Thelma


Fleti namba 7, Jumapili, 4 Aprili 1976

Thelma mwanangu,

Marahaba. Hilda alipanda ngazi zote kumi na mbili akiwa ameketi, kinyumenyume, akinipa ripoti ya kila moja. Amelala kitandani mwangu, mimi nalala kwenye kochi, tunagombana kuhusu dirisha kama tulivyogombana tukiwa wasichana. Yeye anataka lifungwe. Mimi sijazoea nyumba isiyo na sauti nje.

Joto hapa linatoka ukutani bila makaa. Mwanamke wa ghorofa ya juu amenikaribisha chai. Aliniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu kwamba nimehama. Akasema, "Lazima bila shaka ni vigumu," nikamwona ni mtu mwema asiyejua lolote, kama ulivyonifundisha.

Bi Gedge alikuja na basi Alhamisi. Alikaa saa nzima na koti lake mwilini. Alileta zile paketi mbili za tumbaku. Akasema, "Avis, sijui nizifanyeje." Hiyo ndiyo kauli ya kwanza aliyoniambia tangu Oktoba isiyo na kiraka. Nilimshika mkono. Akalia, nami nikamwacha alie, kwa sababu miezi yote hiyo walikuwa wamenikataza kulia bila kunikataza. Kisha akaniambia muuza nyama ameanza kufunga kipande kimoja.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nimekuelewa. Karatasi iliyochanwa nitamwambia. Swali lake moja nitalijibu kwa tarehe peke yake, bila neno mbele wala nyuma.

Lakini haitakuwa tarehe ya Larter; itakuwa ya baadaye. Nakuambia mapema ili usishtuke ukiwa umeketi na Hilda, maana ukishtuka wewe atapiga kelele yeye. Usiniandikie kuniuliza. Wewe ukiniuliza nitakupa vitunguu. Yeye ataniuliza nikiwa nimeshika Biblia, na nitamjibu.

Kikao ni Jumatano, tarehe 14 Aprili, saa nne asubuhi, ukumbi ulio juu ya maktaba. Nitapanda basi la saa mbili na robo.

Mama Mkubwa wako,
Avis